Kosa Si la "Was"

Kuna amri moja inazunguka kwenye warsha zetu za uandishi, kwenye magrupu ya waandishi chipukizi, na hata ndani ya zile programu za kusahihisha Kiingereza. Amri yenyewe ni fupi: futa kila "was". Futa na "is", futa na "were". Weka kitenzi chenye nguvu. Wanaoitoa huitoa kwa sauti ya daktari anayemkataza mgonjwa chumvi, na wanaoipokea huipokea bila swali, maana imetoka kwa wenye Kiingereza chao.

Mimi naipinga, na naipinga mchana kweupe. Tena mtu asiniambie eti ni suala la ladha tu. Amri hii ni kosa la sarufi, ni hasara kwa fasihi, na kwa mwandishi wetu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, ni mzigo juu ya mzigo. Mbaya zaidi, sasa imeanza kuvuka na kuingia kwenye Kiswahili.

Tuanze na msingi. Tuliosoma sarufi ya Kiswahili shuleni tunavikumbuka vitenzi vishirikishi: "ni", "si", "yu", "ndiye". Kiingereza nacho kina vyake, na mkubwa wao ni "be", chenye maumbo manane: "be", "am", "is", "are", "was", "were", "been" na "being". Ukishangaa mbona ndugu hawa hawafanani sura, sababu ni kwamba wametoka kwenye mizizi ya kale tofauti iliyokuja kuunganishwa ikawa kitenzi kimoja. Mzizi uliozaa "was" ulikuwa na maana ya kukaa mahali. Ule uliozaa "be" ulihusu kuota na kukua.

Kitenzi cha namna hii hakielezi tendo. Kinakishika kiima kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kinashika maneno yanayotuambia kiima hicho ni nani au kikoje. Maneno hayo ndiyo kijalizo. Ukisema "Asha is a nurse", Asha ni kiima, "a nurse" ni kijalizo, na hao ni mtu mmoja. Ukisema "The tea is cold", ubaridi ni wa chai. Sasa linganisha na "Asha saw a nurse". Hapo wapo watu wawili, na "a nurse" imekuwa yambwa, au shamirisho kama wanavyosema wenzetu wa Kenya.

Kwa hiyo mzigo wa sentensi hii haujakaa kwenye kitenzi hata siku moja. Umekaa kwenye kijalizo. Kitenzi ni bawaba, kijalizo ni mlango. Sijaona fundi anayeilaumu bawaba kwa kuwa mlango umepinda.

Sasa tuwatazame wafutaji wakiwa kazini. Wanafungua faili, wanaiamuru kompyuta itafute "was", na kila inapotokea wanapiga mstari. Lakini kompyuta haijui kwamba neno hilo lina kazi zaidi ya moja:

"The boy was thin." Hapa ni kitenzi kishirikishi, na "thin" ni kijalizo.

"The boy was running." Hapa ni kitenzi kisaidizi. Tendo ni kukimbia, na "was" inatuambia kuwa lilikuwa linaendelea.

"The boy was beaten." Hapa ni kauli ya kutendwa.

"There was a boy." Hapa inamleta mtu mbele yetu kwa mara ya kwanza, kama lile "paliondokea" la hadithi zetu.

Kazi nne, fagio moja. Chukua sentensi hii: "She was walking home when the rain started." Mvua ilimkuta njiani. Mtii mwezeshaji wako uandike: "She walked home when the rain started." Sasa mvua imeanza kwanza, ndipo yeye akaondoka kwenda nyumbani. Hujaiongezea sentensi nguvu, umebadilisha kisa. Kama hiyo ni hadithi ya upelelezi, umeshavuruga maelezo ya shahidi.

Mkanganyiko huu una historia yake. Kijitabu cha The Elements of Style, kilichoandikwa na William Strunk mwaka 1918 na kufufuliwa na E. B. White mwaka 1959, kinahimiza kauli ya kutenda. Mwaka 2009, toleo hilo la White lilipotimiza miaka 50, mwanaisimu Geoffrey Pullum alilichambua bila huruma. Alionyesha kuwa kati ya jozi nne za mifano iliyowekwa chini ya sheria hiyo, tatu hazina kauli ya kutendwa kabisa. Mmoja wa mifano hiyo ni "there were" ya kawaida. Lakini kijitabu kimesomwa na vizazi na vizazi, na wengi wakatoka na imani kwamba wakiona "was" au "were" wameona dalili ya ugonjwa. Kama mwongozo wenyewe ulivichanganya vitu hivi, mwanafunzi wa warsha ya Jumamosi afanyeje?

Nitawaambia afanyeje, kwa sababu nimemwona. Mwaka juzi nilikaa na binti mmoja aliyekuwa ametoka kwenye warsha. Hadithi yake ilianza hivi: "My grandmother was blind." Maneno manne. Mwezeshaji alikuwa ameizungushia "was" wino mwekundu, na pembeni akaandika: kitenzi dhaifu. Binti akatii. Toleo jipya likawa: "Blindness clouded my grandmother's tired eyes." Akanionyesha kwa fahari.

Hebu zisome zote mbili, taratibu. Ya kwanza inanipa mwanamke, na jambo moja juu yake ambalo halitabadilika. Bibi ni kipofu, hadithi na iendelee. Ya pili inanipa wingu, inanipa macho, inanipa uchovu, na inanipa upofu uliogeuka mtu wa kutenda mambo. Na bibi? Bibi kaondolewa kwenye nafasi ya kiima, amebaki kuwa mwenye macho tu. Halafu "clouded" inadokeza upofu uliokuja baadaye, wakati ukurasa wa pili wa hadithi hiyohiyo unasema bibi alizaliwa haoni. Sentensi imepata misuli, imepoteza ukweli.

Hilo ndilo linaloniuma. Si kila kitu duniani kinatendeka. Mengine yapo tu, na kuwapo kwake ndiyo habari yenyewe. Upofu, undugu, ugeni, ufukara wa miaka. "He died" ni tukio, lina saa yake. "He was dead" ni kile anachokikuta mtoto akifungua mlango asubuhi. Ni sentensi mbili zenye maumivu mawili tofauti, na mwandishi aliyekatazwa "was" ameshanyang'anywa moja.

Watu wakubwa wa lugha hiyo hawakuwahi kujinyima hivyo. Charles Dickens anafungua A Tale of Two Cities, riwaya ya 1859, kwa sentensi moja ndefu inayorudia "it was" mara kumi. Kumi! Miaka sita kabla ya hapo alikuwa amemaliza Bleak House, inayofunguka kwa London, tope na ukungu, katika aya ambazo sentensi nyingi hazina kitenzi kikuu kabisa. Mtu ni yuleyule na kalamu ni ileile. Mahali pamoja alizihitaji "was" zije kwa mfululizo kama ngoma, mahali pengine hakuhitaji hata moja. Wape wafutaji wetu kurasa hizo bila jina la mwandishi, uone wino mwekundu utakavyokwisha.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ya 1599, ambayo Mwalimu Nyerere alitutafsiria. Kaisari ameuawa. Antony ameruhusiwa kuhutubia mbele ya maiti kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Afanye nini? Anachukua sentensi ya kitenzi kishirikishi, ya aina ileile ya Asha na uuguzi wake: kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Anaisema, kisha anataja wema mmoja wa Kaisari. Anairudia, kisha anataja wema mwingine. Anairudia tena. Kitenzi hakibadiliki, kijalizo nacho hakibadiliki. Lakini masikioni mwa umati kijalizo kinaoza kidogokidogo, mpaka "heshima" inasikika kama tusi. Wanaondoka pale kwenda kuchoma nyumba za watu. Haya, mniambie: kitenzi dhaifu ni kipi hapo?

Na onyesho linalofuata ndilo linalonitisha. Umati uleule unakutana na mtu anayeitwa Cinna, na miongoni mwa waliomuua Kaisari yumo Cinna mwingine. Maskini anajitetea kwa njia pekee iliyopo: yeye ni Cinna mshairi, si Cinna wa njama. Uhai wake wote unaning'inia kwenye kijalizo. Umati unasikia, unaelewa, na unamrarua hivyohivyo, kwa kuwa jina linatosha. Mwingine anadai araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake. Sisi tunaohakiki mashairi tusicheke sana.

Sasa, haki itendeke. Wapo wapinzani wa "is" wenye akili kuliko hawa wa warsha. Alfred Korzybski, Mpolandi aliyehamia Marekani, alionya katika kitabu chake Science and Sanity cha 1933 kwamba kitenzi hiki hutufanya tuchanganye kitu chenyewe na jina tunalokipachika. Mwaka 1965 mfuasi wake, David Bourland, akapendekeza Kiingereza kisicho na "be" kabisa, akakiita E-Prime. Hoja yao si ya kubeza. Ukisema fulani ni mwizi, umemfungia mtu mzima ndani ya neno moja. Ukisema aliiba kuku, umetaja tendo, na unaweza kuulizwa ushahidi.

Nawaelewa, tena kuliko wanavyodhani, maana Tanzania tuna makaburi ya hoja hiyo. Vikongwe wameuawa kwa sentensi ya maneno matatu: huyu ni mchawi. Lakini tazama vizuri ni neno gani linaloua pale. Ondoa "ni", weka kitenzi cha kutenda, kile chenye nguvu wanachokitaka: huyu anaroga. Kikongwe amepona? Hajapona. Uongo unaingia kwenye kitenzi cha kutenda kwa urahisi uleule unaoingilia kwenye kijalizo. Dawa yake ni kuuliza neno lile limetoka wapi na nani kalithibitisha. Kumfukuza mshirikishi ni kumfunga tarishi ukamwacha aliyeandika barua.

Tena, mwenye wasiwasi na ukali wa "is" ana ndugu zake wa kukimbilia, na hapa ndipo warsha zetu zinapokosa kabisa kufundisha. Ukoo wa vitenzi vishirikishi vya Kiingereza ni mkubwa. Weka kijalizo kimoja tu, "ill", na ukizungushe: "He is ill" ni tamko. "He seems ill" ni dhana yangu. "He looks ill" ni ushuhuda wa macho. "He fell ill" ni mwanzo wa ugonjwa. "He remained ill" ni ugonjwa uliokataa kuondoka. Kijalizo hakijabadilika, lakini msimulizi amebadilika mara tano.

Au tazama namna Kiingereza kinavyoeleza mabadiliko. Maziwa "go sour", watu "go blind" na "go mad", makampuni "go bankrupt". Mara nyingi "go" ikishirikisha hali huelekea kubaya. Ndoto, kwa upande wake, "come true". "Grow" huenda taratibu, kwa hiyo tunasema "grew old". "Turn" huweza kuja ghafla: "turned pale". Anayeisikia tofauti kati ya "grew quiet" na "fell silent" hahitaji orodha ya vitenzi vyenye nguvu. Ameshapata sikio.

Asiyefundishwa haya hukwama mahali padogo. "He looked angry": hasira iko usoni, pengine mwenyewe hata hajui. "He looked angrily at the door": sasa anatenda, anaukazia mlango macho. Ya kwanza ina kijalizo, ya pili ina kielezi. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba kitenzi lazima kitende anaishia kuandika "The soup tasted badly", kana kwamba supu ina ulimi na ulimi wenyewe umeharibu kazi.

Wala si mara ya kwanza kitenzi hiki kuonewa na watunga sheria. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa sarufi iliyoshurutisha kwamba kiwakilishi kinachofuata "be" kiwe katika umbo la kiima: "It is I", wala si "It is me". Ndivyo Kilatini kilivyotaka. Mwenzake wa zama hizo, Joseph Priestley, yule mwanasayansi wa oksijeni, aliona kuwa mazungumzo ya watu na hata mifano ya waandishi wazuri inaelekea kinyume. Karne mbili na nusu zimepita. Mwingereza akigonga mlango akaulizwa nani, anajibu "It's me".

Sheria ya Kilatini ilivalishwa Kiingereza, ikabana. Sasa sheria mbovu ya Kiingereza inavalishwa Kiswahili. Nimesikia kwa masikio yangu mwandishi wa Kiswahili akiambiwa apunguze "alikuwa" na "ni" kwa sababu eti zinadhoofisha sentensi. Jamani! Kiswahili tayari kimezihamisha kazi nyingi za kijalizo cha Kiingereza na kuzitia ndani ya kitenzi. Kile ambacho Kiingereza kinasema "is tired", sisi amechoka. "Is angry", amekasirika. "Is drunk", amelewa. Maziwa ya Mwingereza "went sour", yetu yamechacha. Na "alikuwa" ya "alikuwa analima" si kishirikishi hata kidogo, ni kisaidizi cha wakati. Ukiifuta, mkulima wako hajulikani analima lini.

Pale "ni" inapobaki, imebaki kwa sababu. Mgeni ni kuku mweupe. Jaribu kuitia nguvu methali hiyo: mgeni hung'ara machoni pa wenyeji mithili ya kuku mweupe. Umeiua, na hata mchuzi hautapata. Ujana ni moshi. Utaongeza nini hapo? Na pale wahenga walipoona hata "ni" haihitajiki, waliiacha wenyewe bila kungoja warsha: dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee.

Na tukiwa hapohapo, niseme na wale wa upande wa pili, wanaobeba vishirikishi vya Kiingereza mzegamzega na kuvitua kwenye Kiswahili. "Chakula kinaonja vizuri." Kinamwonja nani? Chakula ni kitamu, au kimenoga, basi. "Alibakia kuwa kimya." Kwa nini asinyamaze? Mfutaji na mbebaji wana ugonjwa mmoja: wote wawili hawaamini kwamba kila lugha ina njia yake ya kumwambia mtu yeye ni nani.

Basi tufanye nini na sentensi zilizolala? Maana zipo, sikatai. Nasoma miswada, najua uchovu wa kurasa zenye "was" thelathini. Ninachofanya ni kukiziba kitenzi kwa kidole na kusoma vijalizo peke yake, kimoja baada ya kingine: "beautiful", "nice", "sad", "interesting", "very happy". Hapo ndipo ugonjwa ulipo. "The house was beautiful." Hiyo "beautiful" inaweza kuhamia nyumba yoyote mtaani na asitokee wa kuishangaa. Kiache kitenzi palepale, badilisha kijalizo: "The house was two rooms and a debt." Vyumba viwili na deni. Sasa nataka kujua nani anadai.

Kwa hiyo ombi langu kwa wawezeshaji na wahariri ni dogo. Ule wino mwekundu usiutupe, uusogeze tu neno moja au mawili mbele. Sentensi ikilala, uliza kwanza kiima kimeambiwa nini. Kama hakikuambiwa kitu, hata ukikitafutia kitenzi cha kunguruma kama simba, kitanguruma tu, na bado kitakuwa hakijaambiwa kitu.